Umeshikishwa chuma mkononi ukaambiwa una risasi, sukari na upungufu wa vitamini? Pita hapa kabla hujatoa hela

Kichupa Kijivu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa maabara, benchi la kemia, Dar. Kila mara anakuja mtu dirishani ameshika bunda la karatasi za rangi kutoka kliniki fulani ya virutubisho. Zina majedwali ya kila kitu: metali (risasi, zebaki, kadimiamu, aseniki), sukari, vitamini zote kuanzia A hadi K, kolajeni, nguvu za macho, mpaka "kiwango cha sumu mwilini". Ameshauziwa dozi ya miezi mitatu, sasa roho inamsuta, anataka nimthibitishie. Namuuliza walimchoma wapi, mkononi au kidoleni. Anajibu: hawakunichoma, nilishika chuma.

Mashine yenyewe wengi mmeiona. Ni kiboksi kinachochomekwa kwenye kompyuta, kina waya na kijiti cha chuma, unakishika kama dakika moja hivi. Wanaiita kwantamu. Kabla hujashika wanakuuliza jinsia, umri, urefu na uzito, na hayo maswali ndiyo yanayofanya kazi yote. Baba wa miaka 58 mwenye kilo 95 ataambiwa sukari, mafuta na tezi dume. Binti wa miaka 22 ataambiwa homoni na upungufu wa madini ya chuma. Mpiga ramli mzoefu angefika hapohapo bila kutumia umeme. Mteja wetu mmoja, fundi friji, alirudi kesho yake kwenye kliniki ileile akataja umri na uzito wa uongo. Akatoka na ini jingine kabisa.

Mtu hawezi kujua kiasi cha metali, sukari au vitamini mwilini kwa kukushikisha chuma, lazima achukue sampuli. Sukari tunaipima kwa kimeng'enya kinachoshambulia glukosi iliyo kwenye plazma (maji ya damu), na mashine inasoma mabadiliko ya rangi au umeme. Risasi na zebaki zinahitaji mashine nyingine kabisa, ambayo kwenye maabara kubwa huipitisha sampuli kwenye mwali wa joto la maelfu ya nyuzi kisha inazihesabu atomi kwa uzito wake. Vitamini D inapimwa kwa njia ya tatu. Ni sampuli tofauti, vichupa tofauti, na wakati mwingine majengo tofauti. Anayekwambia kijiti kimoja kimemaliza yote kwa dakika moja anakuuzia makopo yaliyopangwa nyuma yake.

Sasa nieleze vipimo halisi, maana hata huku kwetu majibu yanaweza kukudanganya usipojua sampuli ilichukuliwaje.

Sukari. Mstari wa kisukari kwa damu ya mshipani, ukiwa hujala kwa saa nane au zaidi, ni milimoli 7.0 kwa lita. Saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi ni 11.1. Na hiyohiyo 11.1 wakati wowote ukiwa na dalili zake: kiu, mkojo kila saa, nguo kupwaya. HbA1c, kile mnachokiita kipimo cha miezi mitatu, mstari ni asilimia 6.5. Kama huna dalili, kipimo kimoja hakitoshi kukupa jina la mgonjwa, unarudia. Mwenye majibu ya miligramu kwa desilita agawanye kwa 18, atapata namba zetu.

Kinachonikera zaidi ni safari ya kichupa. Damu ikishatoka bado inakula. Chembe zinaendelea kuitafuna sukari ndani ya kichupa, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto likizidi inaliwa haraka zaidi. Ndiyo sababu ya kifuniko cha kijivu: ndani kuna floraidi inayozuia ulaji huo. Hata hiyo floraidi haichukui hatua papo hapo, saa moja au mbili za mwanzo sukari bado inashuka, kwa hiyo kichupa kizungushwe na plazma itengwe mapema. Damu iliyochukuliwa saa mbili asubuhi kwenye kichupa cha kawaida, ikasubiri bodaboda mpaka saa saba mchana, inaweza kumpa mwenye kisukari majibu ya kwenda kusherehekea soda.

Kidude cha nyumbani je? Kiwango cha kimataifa kinakiruhusu kupishana na maabara kwa asilimia 15 kwenye sukari ya 5.6 na kuendelea. Maana yake 8.0 yako inaweza kuwa 6.8 au 9.2 na kidude ni kizima. Ukimenya embe usinawe, ukajichoma kidole, unasoma sukari ya embe. Upungufu wa damu nao hupandisha namba kwenye vidude vingi. Na zile karatasi za kupimia zikiachwa kopo wazi jikoni, zitupe.

HbA1c ina mtego wake kwetu Afrika Mashariki. Inapima sukari iliyogandia kwenye chembe nyekundu, na inachukulia kwamba chembe inaishi miezi yake mitatu hadi minne. Mgonjwa wa selimundu chembe zake hufa mapema, kwa hiyo namba inatoka ndogo hata kama sukari iko juu. Aliyeongezewa damu juzi, aliyetoka kwenye malaria kali, vilevile. Upungufu wa madini ya chuma unaipeleka upande wa pili, inapanda bila kosa la sukari. Mwambie daktari mambo hayo kabla hajaandika fomu. Mwenye selimundu apimwe glukosi yenyewe.

Metali. Hapa ndipo watu wanapopigwa zaidi, kwa sababu vipimo ni adimu na ghali. Maabara nyingi za binafsi zinazopokea sampuli hizo huzituma kwingine, mara nyingi nje ya nchi, na majibu yanachukua siku kadhaa au zaidi.

Risasi inapimwa kwenye damu nzima ya mshipani. Karibu yote hukaa ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo akikupimia kwenye maji ya juu ya damu, majibu hayana kazi. Kichupa ni kile kilichothibitishwa hakina metali, kwa kawaida kifuniko cha bluu iliyoiva. Kwa mtoto, WHO mwaka 2021 walisema ukifika mikrogramu 5 kwa desilita tafuta chanzo na ukiondoe. Marekani mwaka huohuo walishusha alama yao ya tahadhari hadi 3.5. Dawa za kuitoa hupewa mtoto akifika 45 au zaidi, hospitalini. Na damu inasema habari za karibuni tu, maana risasi hupungua nusu kwenye damu kwa takriban mwezi mmoja, iliyobaki inajificha kwenye mifupa kwa miaka na miaka.

Zebaki inategemea umeipata wapi. Mvuke wa kuchomea dhahabu na zebaki ya kwenye krimu za kujichubua zinatafutwa kwenye mkojo. Zebaki ya samaki inatafutwa kwenye damu au nywele. Mtu akikata nywele zako akakupa orodha ya metali ishirini, mbali na hiyo ya samaki, mshukuru na uondoke.

Aseniki ni mkojo, na watu wa pwani nisikilizeni: usile samaki, kamba, pweza wala ngisi siku tatu nne kabla. Viumbe wa baharini wana aseniki ya aina isiyodhuru, ila kipimo cha jumla hakijui tofauti. Utaitwa mgonjwa kwa sababu ya mchuzi wa pweza.

Kuna mchezo mwingine wa watu wenye maabara kweli. Wanakunywesha dawa inayovuta metali kwanza, ndipo wanachukua mkojo, halafu wanalinganisha na viwango vya watu ambao hawakunywa dawa hiyo. Utatokaje salama? Chuo cha tiba ya sumu cha Marekani kimeukataa mtindo huo miaka mingi. Na dawa zenyewe si juisi: kati ya 2003 na 2005 huko Marekani watu watatu, wawili wao watoto, walikufa wakitibiwa hivyo baada ya kalsiamu yao kuporomoka.

Vitamini. Nitapita haraka kwa sababu mwenye afya njema wala hana haja ya kuzipima. Vitamini D inapimwa kwa aina inayoitwa 25-hidroksi. Chini ya 20 kwa nanogramu, au 50 kwa nanomoli, ndipo wengi wanapoita upungufu. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania, wastani wao ukawa 115 kwa nanomoli. Anayeshinda juani na begani ana lubega, unamuuzia kopo la vitamini D la nini? B12 ndiyo ningeitilia maanani, hasa kwa mgonjwa wa kisukari anayemeza metformin kwa miaka, kwa sababu dawa hiyo huishusha. Ganzi ya miguu inasingiziwa sukari peke yake, kumbe B12 imeisha na inatibika.

Karibuni kwa maswali. Mapovu pia ruksa.

---

Pingamizi wa Jaji

Mkuu, mama yangu alishika hicho chuma akaambiwa ana sukari. Akaenda hospitali ya wilaya, kweli 13. Sasa hapo ulaghai uko wapi?

Kichupa Kijivu

Pole na mama, na ahsante kwa kumpeleka. Ana umri gani na uzito gani?

Pingamizi wa Jaji

63. Mwili anao, siwezi kuficha.

Kichupa Kijivu

Basi hata mimi ningemwambia akapime sukari, bila kumshika. Cha kuuliza ni wangapi walioambiwa wana sukari siku ileile pale kwenye foleni, na wangapi walioambiwa wako salama kumbe wana 13. Hao wa pili ndio wanaonikosesha usingizi, kwa sababu hawaji hospitali.

---

Mkaazi wa Changamwe

Salaam kutoka Mombasa. Kwenye risasi huku kwetu hatuhitaji kuhadithiwa. Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, moshi na maji vyaingia majumbani kwa watu. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi pale, mwanawe mchanga akawa mgonjwa. Wakapima malaria, wakapima taifodi, hakuna. Mwishowe damu ikaonyesha risasi. Kiwanda kikafungwa 2014, yeye akapewa tuzo ya Goldman 2015. Kesi ya fidia, shilingi bilioni 1.3, wakaazi walishinda 2020, wakapokonywa kwenye rufani 2023, Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Nasema haya kwa sababu mtoto asingepelekwa kipimo kile, hadi leo ingeitwa malaria sugu.

Kichupa Kijivu

Umesema jambo zito, ndugu. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 ilikuwa vivyo hivyo. Watoto zaidi ya 400 walikufa kwenye vijiji vilivyokuwa vikisaga mawe ya dhahabu yenye risasi, na mwanzoni degedege lile lilidhaniwa malaria. Madaktari wetu kipimo hiki hawakiandiki kwa kuwa hawaulizi mtoto anaishi jirani na nini. Mzazi ukiwa karibu na wayeyusha betri, litaje mwenyewe, usisubiri kuulizwa.

---

Mzee wa Chubwi

Sisi wavuvi chubwi za nyavu (vipande vya risasi vya kuzamishia) tunasubu wenyewe, betri chakavu na sufuria juu ya moto, nyuma ya nyumba. Tangu enzi za babu. Tunakunywa maziwa baada ya kazi, yanaosha. Au nayo hayafanyi kazi?

Kichupa Kijivu

Shikamoo mzee. Maziwa hayaoshi risasi iliyokwisha kuingia kwenye damu. Yana faida moja ya kweli: mwili wenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo kuliko mwili wenye njaa, hasa kwa watoto. Lakini moshi unaouvuta hauulizi umekunywa nini.

Nyuma ya nyumba ndiyo inayonitisha. Vumbi linabaki kwenye mchanga, wajukuu wanacheza pale, mkono mdomoni. Hamisha kazi mbali na makazi, nguo za kazi zisiingie ndani, na ile sufuria isirudi jikoni hata siku moja. Kama kuna mtoto mdogo hapo, yeye ndiye wa kupimwa kwanza.

Mzee wa Chubwi

Marahaba. Sufuria ile sisemi kitu. Nitaitupa.

---

Mwalo Chunya

Mkuu mimi nachoma. Kila jioni tunakamua zebaki kwenye kitambaa, kidonge kinawekwa kwenye koleo juu ya mkaa, dhahabu inabaki. Siku hizi mikono inatetemeka nikishika kikombe, na wife anasema nimekuwa mkali bila sababu. Kliniki ya chuma Mbeya waliniambia zebaki 0.3 "kawaida", nisiwe na shaka.

Kichupa Kijivu

0.3 ya nini? Kwenye nini? Namba bila kizio na bila sampuli ni pambo la karatasi.

Kutetemeka mikono na kubadilika tabia kwa mtu anayevuta mvuke wa zebaki ni dalili zinazojulikana, sitaki kukutisha ila usikae nazo. Nenda hospitali ya rufaa, taja kazi yako kwa maneno hayohayo uliyoandika hapa. Kipimo chako ni mkojo, ule wa kwanza wa asubuhi. Usiukusanyie mwaloni. Oga, vaa nguo safi, nawa mikono, kojoa moja kwa moja kwenye chupa ya plastiki watakayokupa, kwa sababu vumbi la mkononi tu linaharibu majibu. Omba majibu yatoke kwa mikrogramu kwa kila gramu ya kreatinini (taka ya misuli iliyomo kwenye mkojo), ili usidanganywe na maji uliyokunywa. Chini ya 5 ni eneo la watu wa kawaida. Ikivuka 20 unapaswa kutoka kwenye moshi na figo zako ziangaliwe.

Swali la nyumbani: huwa unachomea wapi?

Mwalo Chunya

Mvua ikinyesha, jikoni.

Kichupa Kijivu

Acha kuanzia leo. Mvuke unaganda kwenye kuta na paa, unarudi hewani kila jiko likiwaka. Kuna vyombo vya kuchomea vilivyofungwa vinavyokamata mvuke na kukurudishia zebaki yako, hata kwa hesabu ya hela vinalipa. Mkeo akiwa mjamzito au ananyonyesha naye apimwe.

---

binti_kigamboni

Naomba kuuliza tofauti kidogo. Nilipima tezi ya shingo nikaambiwa homoni ziko juu, nianze dawa. Sina dalili hata moja. Ila nakunywa vidonge vya nywele na kucha. Kuna uhusiano?

Kichupa Kijivu

Dada, soma maandishi kwenye kopo. Kama kuna bayotini (vitamini inayowekwa kwenye vidonge vya nywele na kucha) ya miligramu 5 au 10, usianze dawa kabla hujaongea na daktari. Vipimo vingi vya homoni na baadhi ya vitamini hutumia bayotini kama gundi ndani ya mashine. Ukija nayo nyingi kwenye damu, gundi inavurugika: homoni ya tezi inasoma juu na ile inayoiamuru inasoma chini, picha ileile ya mgonjwa wa kweli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo 2017, maana inaweza hata kuficha mshtuko wa moyo kwenye kipimo cha troponini. Acha vidonge siku tatu hivi, mjulishe daktari, urudie.

binti_kigamboni

Miligramu 10 😳

---

Mswahili wa Muscat

Huku Oman mie nimepimwa vitamini D ikatoka 11. Nafanya kazi ndani ya mall, naingia kabla ya jua natoka usiku. Baba mkubwa wangu Unguja anacheka, asema mtu mweusi kwenye nchi ya jua akose vitamini ya jua?

Kichupa Kijivu

Hiyo yako naiamini. 11 kwa nanogramu ni kama 27 kwa nanomoli, ni upungufu. Jua la nje ya dirisha halitengenezi kitu, kioo kinazuia miale inayohitajika, na ngozi yetu nyeusi inataka muda mrefu zaidi juani. Fuata dozi ya daktari. Msalimie baba mkubwa.

---

Mtu wa Kata

Mleta uzi umewasema wa chuma tu. Vipi wenzako? Kuna maabara ya uchochoroni kwetu, kila anayeingia ana taifodi na sukari ya 5.4. Kila mtu 5.4! Nadhani mashine ilikufa wao wanaendelea kuandika.

Kichupa Kijivu

Sitawatetea. Maabara binafsi ina usajili wa bodi na cheti hutundikwa ukutani, kiangalie. Uliza kama leo wamepitisha sampuli ya udhibiti ubora. Anayeipitisha atakuonyesha daftari bila kununa, na anayenuna ameshakujibu. Karatasi yako iwe na jina la sampuli, muda iliyochukuliwa, kizio na viwango vya maabara ileile. Ikikosa vitu hivyo, rudisha.

Pingamizi wa Jaji

Sawa, nimeelewa. Kesho namleta mama kwa HbA1c na hiyo B12, maana anameza metformin tangu mwaka juzi na miguu inamchoma. Aje amefunga?

Kichupa Kijivu

Kwa hivyo viwili hahitaji kufunga. Ila kama mnataka na sukari ya asubuhi, asile kuanzia saa nne usiku, maji ruksa, tuonane kabla ya saa mbili. Metformin na chai aje navyo kwenye mkoba, avinywe akishachomwa. Kama alishawahi kuongezewa damu miezi ya karibuni au kuna selimundu kwenye ukoo, nitajie hapohapo dirishani. Na makopo ya ile kliniki yalete yote niyasome, nataka kuona kama kuna bayotini.